Niall Ferguson: akishika daftari la madeni hana mpinzani, akiliweka chini anapotea njia (uzi mrefu)

Mhasibu wa Ilala (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka ateremke moja kwa moja mpaka nilipoandika Tanganyika. Ugomvi wangu wote uko hapo.

Mwaka jana niliokota The Cash Nexus, kitabu cha Niall Ferguson, kwenye meza ya vitabu vya mtumba mitaa ya Posta. Jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo zina madoa ya chai, muuzaji mwenyewe alidhani ni kitabu cha kompyuta. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa na majedwali ya riba. Kazi yangu ni hesabu, na mwanahistoria anayenionyesha nani alikopa, kwa riba ngapi, na deni likalipwa kwa kodi ya nani, ananifaa kuliko anayenisimulia farasi wa Napoleon alikuwa wa rangi gani. Nikatafuta vingine: kile kinene cha Rothschild, ukoo wa wenye mabenki, The Pity of War, Empire, na The Ascent of Money. Nimevimaliza mwezi uliopita, mke wangu shahidi.

Kwa wasiomjua, Ferguson ni mwanahistoria Mskoti, mzaliwa wa Glasgow mwaka 1964, kasoma Oxford. Utafiti wake wa udaktari ulihusu wafanyabiashara wa Hamburg na ule mfumuko wa bei wa Ujerumani, ambao kufikia Novemba 1923 dola moja ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Mtu aliyeanza na hayo lazima aone dunia kwa jicho la pesa.

Na akiitazama kwa jicho hilo, jamaa anatisha. Chukua hadithi ya Nathan Rothschild na Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon mwaka 1815. Sote tumeisikia: alipata habari za ushindi wa Waingereza kwa njiwa wa barua, mapema kuliko serikali, akacheza na soko la London, akaamka tajiri. Hadithi hiyo Wanazi waliitengenezea hadi filamu ya propaganda mwaka 1940. Ferguson kaingia kwenye barua za ukoo wenyewe, akatoka na kitu karibu kinyume chake. Nathan alikuwa amekusanya dhahabu akitegemea vita virefu, maana kazi yake ilikuwa kulipa majeshi ya Wellington, jenerali wa Waingereza, na washirika wake. Vita kuisha ghafla kulikuwa balaa kwake. Alichofanya ni kununua hatifungani za serikali ya Uingereza (karatasi za kuikopesha serikali, zinazouzika sokoni), akihesabu kwamba amani itapunguza mikopo mipya na bei itapanda. Akazishikilia mpaka mwishoni mwa 1817, zikiwa zimepanda karibu asilimia 40, ndipo akauza. Faida aliipata kwa subira na kwa roho ngumu. Njiwa wa kubeba barua hawamo.

Kitu cha pili, na hiki ndicho kilichonifanya niandike uzi, ni mraba wake wa madaraka. Kwenye The Cash Nexus anauliza: Ufaransa ya karne ya 18 ilikuwa na watu wengi na ardhi kubwa kuliko Uingereza, mbona ilishindwa? Jibu lake ni pembe nne. Ya kwanza, maofisa wa kodi walioajiriwa na serikali, siyo wapangaji wa ushuru, yaani matajiri waliokodishwa kazi ya kukusanya na kubaki na kinachozidi. Ya pili, bunge la walipa kodi, linaloona pesa inakwenda wapi. Ya tatu, deni la taifa ambalo watu wanaamini litalipwa. Ya nne, benki kuu. Benki ya Uingereza ilizaliwa mwaka 1694 kwa kuikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8, na pesa yote ikaenda kupigana na Wafaransa. Pembe hizo zinashikana: bila bunge, mkopeshaji hana imani, bila imani, riba inapanda, riba ikipanda, mfalme hana baruti. Mfalme wa Ufaransa mwaka 1789 aliitisha mkutano wa matabaka kwa sababu hazina ilikuwa tupu, na mnajua kichwa chake kiliishia wapi.

Mpaka hapo namvulia kofia. Sasa njoo kwenye Empire, ya mwaka 2003. Humo anasema, kwa kifupi changu: ndiyo, kulikuwa na utumwa na mauaji, lakini himaya ya Waingereza ilisambaza biashara huria, mitaji, sheria na serikali safi kuliko himaya nyingine yoyote ya wakati ule. Na mimi nikashangaa: mbona mraba umeuacha nyumbani?

Kauchukue uuweke juu ya Tanganyika. Pembe ya kodi ipo, tena ipo tangu kwa Mjerumani, aliyeleta kodi ya nyumba ya rupia mwishoni mwa miaka ya 1890. Bunge? Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, na Waafrika wawili wa kwanza, machifu wa kuteuliwa, wakaingia 1945. Miaka 19 mlipa kodi hana hata kiti cha plastiki. Benki kuu? Tulikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kukaa London. Shilingi yake iliyoanza 1921 ilitegemea akiba, na akiba hiyo ilikuwa imewekezwa kwenye hatifungani za huko huko kwa wakubwa. Yaani mkulima wa pamba wa Mwanza akiweka shilingi kwenye kibubu, alikuwa anaikopesha London bila kujua. Benki Kuu yetu tumeipata 1966.

Kwa hiyo tulipewa pembe moja ya mraba, ile ya mkusanya kodi, halafu tukaambiwa tumeletewa nyumba nzima. Kwa kipimo chake mwenyewe Ferguson, hiyo siyo serikali, ni ofisi ya ukusanyaji. Karibuni mnipinge.

---

Kidole Gumba

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu, tupia PDF basi.

---

Mzee wa Mnada

Mhasibu, heshima yako. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye mambo ya dhamana za serikali, ngoja niongeze kitu kimoja halafu nikupinge kimoja.

Wengi hawajui kwa nini soko la hatifungani linanusa vita kuliko magazeti. Hatifungani inalipa kiasi kilekile kila mwaka. Wawekezaji wakiogopa wanaziuza, bei inashuka, na kwa kuwa malipo hayajabadilika, anayenunua kwa bei ya chini anapata asilimia kubwa zaidi. Hiyo asilimia ndiyo serikali italazimika kuahidi ikitaka kukopa tena kesho. Kwa hiyo mtu anayesoma bei za hatifungani za 1914 anasoma woga wa watu waliokuwa na pesa mezani. Ferguson anaonyesha kwamba soko la London lilikuwa limelala mpaka siku za mwisho za Julai. Matajiri hawakuiona Vita Kuu ikija. Ushahidi wa namna hiyo huupati kwenye hotuba za wanasiasa.

Sasa kukupinga. Umesema tulipewa pembe moja tu. Vipi pembe ya deni? Kuna sheria ya Uingereza ya mwaka 1900 iliyoruhusu wadhamini wa mali za mirathi na amana kununua hatifungani za makoloni kana kwamba ni za serikali yenyewe. Ferguson na mwenzake Moritz Schularick waliandika mwaka 2006 kwamba makoloni yalikopa London kwa riba nafuu kuliko nchi huru maskini, kwa sababu ya hiyo bendera. Hiyo siyo pembe?

---

Mhasibu wa Ilala

Mzee wangu, shikamoo. Pembe ni, lakini ya mlango gani? Riba nafuu nakubali. Ila aliyesaini mkopo ni gavana, aliyeamua utumike wapi ni gavana na Wizara ya Makoloni, na aliyelipa ni mtu wa kodi ya nyumba ambaye hakuulizwa. Mraba wa Ferguson unafanya kazi kwa sababu anayelipa na anayeamua wanakutana bungeni. Ukiwatenganisha hao wawili, unakuwa na mkopo wa mtu mwingine kwa jina lako. Huku mtaani tunajua hiyo inaitwaje.

---

Mama wa Kariokor

Ndugu zangu wa Bongo, niruhusuni niingie kutoka Nairobi. Mhasibu, umeruka kitu kitamu kabisa! Utangulizi wa Empire unapita hapa kwetu. Babake alikuwa daktari, wakahamia Nairobi miaka mitatu baada ya uhuru, mtoto bado mdogo sana. Anakumbuka nyumba yao, mfanyakazi wa ndani, Kiswahili kidogo, na redio ikipiga Harambee ya Mzee Kenyatta kila saa. Anakiri mwenyewe kwamba maisha hayo mazuri yalitokana na himaya.

Nilipoisoma nilicheka, halafu nikanyamaza. Nyanyangu alikuwa anaishi Nairobi hiyohiyo miaka hiyohiyo, na yeye hakumbuki utulivu wa aina hiyo. Alikuwa ametoka tu kwenye kijiji chenye seng'enge alichofungiwa wakati wa Hali ya Hatari, Mwingereza alipopigana na Mau Mau.

Sisemi anaongopa. Nasema utoto wa mtu huwa unaingia kwenye vitabu vyake hata akivaa koti la profesa. Kitabu kilitoka 2003. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ilikuwa imehifadhi mafaili ya makoloni yaliyohamishwa, kule Hanslope Park, Uingereza, na mwaka 2013 ikawalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyofanyiwa. Wewe ni mhasibu: deni ambalo halikuandikwa kwenye daftari mwaka 2003 lilikuwepo au halikuwepo?

Na udaku kidogo: mkewe, Ayaan Hirsi Ali, ni Msomali wa Mogadishu aliyekulia Nairobi. Kwa hiyo nyumba hiyo Kiswahili kinaweza kuwa kinasikika jikoni kuliko tunavyodhani.

---

Mhasibu wa Ilala

Dada, hiyo ya daftari nimeiandika ukutani. Kitaalamu tunaita dhima isiyotajwa. Mkaguzi akiikuta unafukuzwa kazi.

---

Kweli Chungu

Mnajifariji. Swali la Ferguson siyo kama himaya ilikuwa nzuri, ni kama mbadala wake ungekuwa bora. Mbadala wa Mwingereza haukuwa Nyerere, ulikuwa Leopold wa Kongo, au Mjerumani wa Maji Maji. Hayo mnayaruka.

Na reli je? Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, zaidi ya pauni milioni 5, na iliyotoa ni hazina ya Uingereza. Walipa kodi wao walipiga kelele bungeni mpaka reli ikaitwa ya wendawazimu. Kama lengo lilikuwa kunyonya tu, mbona walitia hasara?

---

Mama wa Kariokor

Kweli Chungu, hasara walitia, halafu wakaanza kutafuta wa kuifidia. Kamishna Charles Eliot alitaka reli ijilipe, na njia aliyoiona ni kuleta walowezi wenye mazao ya kusafirisha. Sheria ya Ardhi ya 1902 ikafuata, na kufikia 1915 mlowezi anapewa hati ya miaka 999. Watu wa nyanda za juu wakajikuta maskwota kwenye shamba la babu zao, kisha ikaja kodi ya kuwatoa wakafanye kazi, kisha kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni. Vibarua wa reli wenyewe walitoka India, zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 walikufa. Usisome upande mmoja wa karatasi. Hasara ya London ilihamishwa ikawa ya Kiambu.

Hapo kwa Leopold sikupingi. Lakini tangu lini kutokuwa Leopold kukawa sifa?

---

Bin Forodhani

Asalaam alaykum jamaani. Nyinyi wa bara mnaanza hadithi ya pesa na ukoloni alipokuja Mzungu. Sie huku Unguja tulikuwa nayo kabla.

Hebu tizameni. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe wakagombania. Mwaka 1861 Mwingereza Canning, mtawala wa India, akaamua: Unguja na Maskati zitengane, na Unguja iwe inalipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Yaani himaya imekatwa vipande viwili kwa hati ya malipo, bila kufyatua hata bunduki moja. Na Unguja yenyewe ushuru wa forodha haukuwa ukikusanywa na watu wa Sultani. Uliwekwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Yeye anampa Sultani fungu lake, kinachozidi chake. Sayyid Majid alipofariki 1870 aliacha deni kubwa kwa nyumba hiyo. Sasa Mhasibu, kwenye ule mraba wako, hao si ndio wapangaji wa ushuru wanaomwangusha mfalme?

Halafu Mjerumani. Ile pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, kampuni yao ilikodi kwa Sultani 1888. Wakashusha bendera yake Pangani, watu wakaamka na Abushiri, kampuni ikashindwa, serikali ya Berlin ikamleta kamanda Wissmann, na Abushiri wakamnyonga Pangani Disemba 1889. Mwaka uliofuata wakamlipa Sultani marki milioni 4 ili waichukue kabisa. Pesa ile ilikopwa, ikawa inarejeshwa kutoka ushuru wa forodha wa pwani ile ile. Nyumba umeinunua kwa kodi ya wapangaji waliomo ndani. Biashara hiyo hata Rothschild angeamkia!

---

Mzee wa Mnada

Bin Forodhani, ahsante sana. Na kama tunataja Rothschild, tuitaje na hii. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, kwa wenye watumwa, siyo kwa watumwa. Pauni milioni 15 kati ya hizo zilikopwa mwaka 1835 kupitia Nathan Rothschild na Moses Montefiore. Deni hilo, baada ya kugeuzwageuzwa, lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Mjamaika aliyehamia London na kulipa kodi alikuwa analipia bei ya babu yake.

---

Kidole Gumba

Aisee 2015? Mimi nilikuwa nishaanza kazi. PDF bado nasubiri lakini.

---

Dereva wa Treni

Hoja ya The Pity of War hamjaigusa. Jamaa anasema Uingereza ilikosea kuingia vitani 1914, ingebaki pembeni Ujerumani ingeshinda Ulaya na dunia isingeharibika vile. Sawa, lakini Tanganyika si ingebaki ya Mjerumani? Tungekuwa tunaandika uzi huu Kijerumani.

---

Mwana wa Sekenke

Dereva, ondoa shaka. Mjerumani alitawala kwa Kiswahili, shule za Tanga zilifundisha Kiswahili na kuchapa gazeti la Kiswahili. Tungeandika Kiswahili hikihiki na kulipa kodi ileile.

Ila mmenikumbusha kitu cha kwetu kinachomfaa Ferguson kuliko mfano wowote. Mwaka 1916 Wajerumani wamezingirwa, meli haziji, benki yao iko Berlin ng'ambo ya vita. Askari anataka mshahara. Pale Tabora, kwenye karakana ya reli, wakaanza kupiga sarafu zao. Za heller 20 (heller ni senti za rupia) walizitengeneza kwa shaba ya maganda ya risasi na mizinga. Za rupia 15 walizipiga kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zina picha ya tembo, na mlima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Hapo ndipo unaona pesa na vita ni kitu kimoja. Serikali iliyokatiwa mkopo inayeyusha maganda ya risasi ili imlipe mtu wa kufyatua risasi nyingine. Leo tembo wale wanauzwa kwenye minada Ulaya kwa maelfu ya dola, na hapa nyumbani sijawahi kumshika hata mmoja.

---

Mama wa Kariokor

Mwana wa Sekenke, umenigusa. Jina langu hapa nimelitoa mtaani kwetu, na huko kwenu mna Kariakoo. Yote ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kwenye The Pity of War kuna ile hesabu yake maarufu: kumuua askari mmoja wa upande wa pili, Waingereza na washirika walitumia zaidi ya dola 36,000, Wajerumani na wenzao zaidi kidogo ya 11,000. Hesabu kali, inakuonyesha nani alikuwa fundi wa kuua kwa bei rahisi. Lakini mpagazi hakuwa askari. Upande wa Waingereza peke yake, kwenye vita vya huku kwetu, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Wao wanaingia kwenye safu gani ya jedwali?

---

Mhasibu wa Ilala

Dada, kwa ukweli wa kazi yangu wanaingia kwenye gharama za usafirishaji. Pamoja na punda. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, lakini ndivyo madaftari ya jeshi yalivyokuwa.

---

Kweli Chungu

Nimesoma yote. Hoja ya mraba nimeielewa na sina jibu zuri. Nitasema tu kwamba bila Ferguson usingekuwa na huo mraba wa kumpigia.

---

Mhasibu wa Ilala

Na hilo nakupa, bila kinyongo.

---

Mwanafunzi Mlimani

Kaka Mhasibu, samahani, mimi nasoma uchumi mwaka wa pili. Nianze na kipi? Na ile kanuni yake anayotangaza siku hizi ya riba na jeshi, ina uzito?

---

Mhasibu wa Ilala

Mdogo wangu, anza na The Ascent of Money, ya 2008, lugha yake nyepesi na kila sura inasimama yenyewe. Ukipenda, panda kwa Rothschild, japo utahitaji likizo. Civilization ya 2011 soma pamoja na mapitio ya Pankaj Mishra aliyomchana nayo kwenye London Review of Books mwaka huohuo, mpaka Ferguson akatishia kwenda mahakamani. Utajifunza zaidi kwenye ugomvi ule kuliko kwenye kitabu.

Kanuni yenyewe inasema taifa kubwa likianza kutumia zaidi kwenye riba ya deni kuliko kwenye ulinzi, ukubwa wake unahesabika siku. Marekani ilivuka mstari huo mwaka 2024. Ina uzito kwa mataifa makubwa. Kwa sisi wadogo mizani nyingine ndiyo inayouma: riba dhidi ya dawa na walimu. Muulize Mama wa Kariokor. Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani ya nje mwaka 2014. Kufika Februari 2024 ikakopa bilioni 1.5 nyingine ili iweze kuilipa, na Juni mwaka huohuo vijana wakajaa barabarani kwa sababu ya muswada wa kodi.

---

Mama wa Kariokor

Nilikuwepo. Tulikuwa na pembe zote nne siku hiyo, bunge likiwemo, na watu waliingia mpaka ndani yake. Mhasibu, fungua uzi mwingine wa hiyo, huu nimechoka kuandika kwa simu.

---

Kidole Gumba

Mkuu, basi niuzie hicho chenye madoa ya chai. Niko Buguruni, kesho napita.